Jagi la Maji Ambalo Halimo Kwenye Fomu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Addis Ababa. Mvua ya Hamle, mwezi wa masika ya huku, imepumzika kidogo, na Wubshet Damtew ameinamia boneti ya Lada ya buluu, anapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mpira wa waipa kama mtu anayejaribu makali ya kisu.

Ukucha unakwama. Anakunja uso.

“Huu si mpira,” anamwambia dereva. “Huu ni mkia wa ng’ombe aliyekufa. Umeuacha juani tangu Pasaka?”

Dereva, kijana wa miaka thelathini na kitu aitwaye Zerihun Abate, anacheka kwa adabu. Hakuja kusomewa hali ya mpira wake. Amekuja kuomba kitu kingine, na anaomba kwa sauti ya chini, akimwita Gashe, yaani mzee wangu, kwa sababu anajua atakachojibiwa.

“Gashe, niazime zile waipa zinazong’aa pale msumarini. Saa moja tu. Nikishabandikiwa bolo nakurudishia hapa hapa.”

Wubshet ananyoosha mgongo. Ana miaka hamsini na saba na mgongo wake hunyooka kwa awamu. Anatupa kitambaa ndani ya ndoo.

“Rudia.”

“Saa moja tu, Gashe.”

“Toka. Toka na debe lako hapa mbele yangu kabla sijakuosha uso kwa hii ndoo!”

Zerihun anaondoka, lakini haendi mbali. Anavuka barabara hadi kwenye turubai la njano, hatua ishirini kutoka hapo, na kule anapokelewa kwa tabasamu. Dakika tano baadaye Lada yake imo kwenye foleni ya kituo cha ukaguzi ikiwa na waipa nyeusi zinazong’aa kama viatu vya bwana harusi.

Hiyo ndiyo kazi ya Wubshet, na hiyo ndiyo hasira yake. Kwa miaka kumi na tisa ameketi nje ya lango la kituo hiki, kando ya barabara ya Saris, akihudumia kioo cha mbele cha gari na waipa zake. Haoshi gari zima. Hagusi taa wala tairi. Kioo na waipa, basi.

Kila gari la jiji lazima lipite ukaguzi mara moja kwa mwaka. Likifaulu linabandikwa bolo, ile stika ndogo kwenye kona ya kioo. Bila bolo, trafiki hakuachi. Kwa hiyo kila dereva anaitaka, na mwezi wa Hamle foleni huanza alfajiri na kufika hadi kwa wauza saruji.

Humo ndani, waipa hukaguliwa hivi: mkaguzi anasema, “Waipa!” Dereva anazungusha swichi. Waipa zinakwenda kulia, zinarudi kushoto. Mkaguzi anatia alama kwenye fomu. Kioo ni kikavu kama mkate wa juzi.

“Kikavu!” anasema Wubshet, na mate yanamruka. “Waipa ni kitu cha maji. Wao wanaijaribu bila maji. Ni sawa na kumpa mtu leseni ya kuogelea kwa kumwangalia akitembea uani.”

Kwa kuwa hakuna anayemwaga maji, hakuna anayejua kama mpira unafanya kazi. Kinachoonekana ni mng’ao. Waipa iking’aa, imefaulu. Ikiwa na kutu kwenye mkono, ule wa chuma unaoshika mpira, mkaguzi anakunja pua. Madereva wanalijua hilo, na pale kwenye turubai la njano ndipo mng’ao unapokodishwa.

Mwenye turubai ni Sisay Worku, mwanaume mnene, mpole, baba wa watoto watano. Ana jozi kumi na nne za waipa. Kila moja ina nukta ya buluu ya rangi ya kucha kwenye mkono wake, ili dereva asije akarudisha nyingine. Kodi ni birr mia mbili kwa saa.

“Mimi simlazimishi mtu,” anasema Sisay. “Waipa mpya ni birr mia tisa. Anazinunua leo, anaegesha gari kesho, anakuta zimeng’olewa. Keshokutwa anazikuta sokoni na kuzinunua tena zile zile. Nani mwendawazimu wa kuacha waipa mpya kwenye gari? Mimi nawasaidia wapite.”

Kuhusu wizi anasema kweli. Madereva wengi wa hapa huzing’oa waipa wenyewe kila wanapoegesha na kuzitia chini ya kiti. Halafu husahau. Mvua inapiga, wanawasha swichi, na mikono mitupu ya chuma inapita juu ya kioo na kukichora. Ukitazama vioo vya Lada za mji huu utaona mchoro huo, upinde mweupe mbele ya macho ya dereva. Hautoki kwa sabuni wala kwa dawa. Usiku, taa za gari linalokuja zikiupiga, dereva haoni kitu.

Lakini hesabu ya mia mbili ndiyo inayomwasha Wubshet. Yeye hauzi waipa nzima. Anabadilisha mpira peke yake. Ananunua mipira mirefu ya malori, anaikata kwa wembe kulingana na kipimo cha gari, anaipenyeza kwenye mkono ule ule wa zamani wenye kutu ambao hakuna mwizi anayeutamani. Bei yake ni birr mia na hamsini. Mpira hukaa mwaka mzima ukitunzwa.

“Anampa yule mia mbili kwa saa moja,” anasema, “na anakataa kunipa mimi mia na hamsini kwa mwaka. Muulize kwa nini! Atakwambia mkono una kutu, mkaguzi hataupenda. Mkaguzi anataka kuoa?”

Mwezi wa mvua Wubshet hupata kama birr mia tano kwa siku. Kiangazi hushuka hadi mia na hamsini, na siku nyingine anarudi nyumbani na kolo tu mfukoni, ile shayiri ya kukaanga anayoitafuna kutwa nzima. Mkewe hufuma vikapu. Wubshet hajawahi kulalamikia kipato. Akilalamika, ni kuhusu mng’ao.

Kuna jambo moja ambalo wateja wapya hawalijui. Wubshet naye alikuwa mkodishaji. Ndiye aliyeanza.

Kwenye msumari juu ya kiti chake imening’inia jozi moja ya waipa ambayo haiuzwi. Mikono yake ina nukta nyekundu. Miaka minane iliyopita alikuwa na jozi tisa kama hiyo na kodi ilikuwa birr thelathini. Asubuhi moja ya Hamle alimkodisha dereva wa teksi. Saa nne dereva alirudisha waipa, akashukuru, akaondoka na bolo yake mpya. Saa nane mvua ikashuka.

“Nilisikia kelele pale kwenye kona, chini ya mteremko,” anasema. “Nikakimbia. Gari lilikuwa limepanda ukingo. Swichi haijazimwa. Mikono mitupu inakwenda na kurudi juu ya kioo, kwaa, kwaa, kwaa. Hiyo sauti bado ninayo. Na chini ya gurudumu kulikuwa na jiko la mahindi.”

Mwenye jiko alikuwa Etagegnehu Mamo, muuza mahindi ya kuchoma. Mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti.

Trafiki walikuja, wakapima barabara kwa kamba. Dereva alisema hakuona kwa sababu ya mvua. Kwenye karatasi wakaandika kwamba chanzo ni mvua kubwa. Waipa zenye nukta nyekundu zilikuwa chini ya koti la Wubshet wakati huo, na yeye alisimama miongoni mwa watu kama mtazamaji.

“Wameandika mvua,” anasema. “Mvua haina leseni. Mvua haikukodi kitu kwangu. Nilijua, nikanyamaza. Miaka miwili nilinyamaza. Andika hilo kwanza, kabla ya kuandika jina langu.”

Alizikata jozi nane kwa msumeno usiku ule ule wa ajali. Ya tisa hakuweza.

Miaka miwili ilipopita, Etagegnehu alirudi barabarani kwa magongo, akaliweka jiko lake pale pale kwenye kona. Wubshet alimfuata siku ya tatu akamweleza yote. Mama huyo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua hindi lililokuwa juu ya makaa, akamrushia usoni. Alama iko karibu na sikio.

Kesho yake aliokota jiko lake na kulihamishia kando ya kiti cha Wubshet. Hajahama tangu siku hiyo.

“Watu wanadhani nilimsamehe,” anasema Etagegnehu, akigeuza mahindi kwa vidole bila kuungua. “Nani kasema? Nilitaka anione kila asubuhi. Mguu wangu ulikodishwa kwa birr thelathini, acha aketi nao. Zile waipa alitaka kuzitupa, nikamwambia ukizitupa nakuchoma. Zikae hapo.”

“Ananiuzia mahindi kwa bei ya juu kuliko watu wote,” anasema Wubshet.

“Na utalipa mpaka ufe.”

Tangu hapo Wubshet ameigeuza kazi yake kuwa ugomvi. Kila dereva anayeketi kwenye ubao wake husomewa, atake asitake. Mpira uoshwe kwa maji na sabuni kila wiki. Usipake dizeli kwenye kioo ili king’ae, maana dizeli huacha utando, na mvua ikija utando huo unakuwa maziwa. Ukiegesha juani, inua mikono isigusane na kioo. Ukizing’oa waipa kwa kuogopa wezi, vika mikono mitupu kipande cha kandambili mbovu, ili ukisahau isichore. Kitambaa cha kioo kiwe cha kioo tu, kisifute mafuta ya injini. Anayasema haya kwa matusi, na matusi yake ni ya kina. Dereva mmoja wa lori alitaka kumpiga. Mwingine alirudi baada ya mwezi na mkate mzima wa mkewe kumshukuru.

Matusi hayo ndiyo yaliyomletea barua. Imepigwa mhuri na ofisi ya mtaa, na anaitunza ndani ya mfuko wa plastiki. Inamtaka aondoe kiti chake na ubao wake ifikapo tarehe tano ya Pagume, siku ya mwisho ya mwaka wa Kiethiopia, kwa sababu anazuia huduma, anachafua jina la kituo na kutukana wateja.

“Kutukana ni kweli,” anasema. “Hayo mengine waje waniulize uso kwa uso.”

Ukimwondoa Wubshet langoni, hana kwingine. Kazi ya kioo na waipa iko pale magari yanapolazimika kusimama, na mahali pengine pote pana wenyewe. Ombi lake kwa kituo ni moja na amelipeleka mara tatu. Haombi nafasi wala kibanda. Anaomba mkaguzi amwage jagi moja la maji kwenye kioo kabla ya kusema “Waipa!” Likimwagwa, mng’ao hautakuwa na kazi. Mkono wenye kutu na mpira mzuri utafaulu. Mkono unaong’aa na mpira mfu utaanguka. Mara zote tatu alijibiwa kwamba ombi limepokelewa.

Siku hiyo ya Zerihun, Jumanne, mvua ilirudi saa nane na nusu. Ilikuja na mawe. Etagegnehu alifunika jiko kwa sufuria, Wubshet akajibanza chini ya bati lake. Barabara ikawa mto.

Ndipo aliposikia sauti. Kwaa. Kwaa. Kwaa.

Lada ya buluu ilikuwa inashuka taratibu kutoka juu, ikiwa na abiria nyuma. Zerihun alikuwa ametoa kichwa nje ya dirisha, amefumba jicho moja, anaendesha kwa lile jingine. Waipa za Sisay alisharudisha tangu asubuhi, na zake kuukuu zilikuwa bado chini ya kiti. Mikono mitupu ilikuwa inakichora kioo.

Wubshet hakufikiri. Aliingia barabarani, akasimama mbele ya gari na kuweka viganja vyote viwili juu ya boneti. Gari lilimsukuma hatua mbili kabla ya kusimama.

“Zima!”

“Gashe, toka njiani! Nina abiria!”

“Unamwona abiria? Mimi unaniona? Mimi nina rangi gani ya koti? Sema!”

“Umerukwa na akili, mzee! Nitapita!”

Magari ya nyuma yalianza kupiga honi. Mtu mmoja alifungua dirisha akatukana mama za watu wote waliokuwepo. Mvua ya mawe ilikuwa inampiga Wubshet kichwani na yeye ameshika mikono ya waipa kama mtu aliyeshika pembe za ng’ombe dume.

Etagegnehu akaja. Alikuja polepole, gongo moja mbele, gongo la pili mbele, sketi yake imelowa hadi kiunoni. Alipofika, aliinua gongo moja akalilaza juu ya boneti, kwaa, akasimama kwa mguu wake mmoja kando ya taa.

“Pita basi, mwanangu,” alimwambia Zerihun. “Mguu mwingine huu hapa.”

Honi ziliendelea kwa muda, kisha zikapungua. Mlango wa nyuma wa Lada ulifunguliwa, abiria, mama mmoja aliyebeba trei ya mayai, akashuka kwenye mvua na kwenda kujibanza chini ya bati la Wubshet. Zerihun alimtazama akienda. Akazima injini.

“Nina watoto wawili, Etiye, mama yangu,” alisema.

“Mimi nilikuwa na miguu miwili.”

Kelele hizo zilimtoa nje mkaguzi mmoja wa kituo, Meaza Tilahun, mwanamke wa miaka thelathini na moja mwenye mwavuli wa serikali. Aliitazama ile mikono mitupu. Akainama, akaitazama bolo kwenye kona ya kioo. Tarehe ya siku hiyo. Mwandiko wake.

“Zilikuwepo,” alisema. “Niliziona saa tatu. Zilikuwa mpya.”

“Uliziona kavu!” Wubshet alifoka. “Kavu, dada yangu! Umekagua rangi ya viatu!”

Meaza alitoa ufunguo mfukoni, akaikwangua ile bolo mbele ya macho ya Zerihun, akarudi ndani. Zerihun aliweka paji la uso kwenye usukani na kukaa hivyo mpaka mvua ilipokatika.

Jumatano asubuhi, kabla lango halijafunguliwa rasmi, Meaza alitokea kwenye kiti cha Wubshet. Aliuliza kama ana chombo cha maji. Wubshet alimpa jagi lake la kijani la plastiki, lile analonawia mikono kabla ya kula, na dumu zima la maji.

Gari la kwanza kwenye mstari wa Meaza lilikuwa limekodi kwa Sisay. Waipa zinang’aa, nukta ya buluu mkononi. Meaza akamwaga maji, akasema, “Waipa!” Zikaenda kulia, zikarudi kushoto, na mistari myeusi ikaanza kuteremka kwenye kioo kizima kama machozi ya mtu aliyejipaka wanja. Ilikuwa rangi ya viatu. Sisay alikuwa anazisugua kila jioni kwa brashi, na mpira uliokuwa chini ya mng’ao huo ulikuwa mgumu kama ubao, haujabadilishwa kwa miaka mitano.

Foleni nzima iliona. Madereva waliteremka kuja kutazama. Mmoja alicheka hadi akaketi chini. Wengine waligeuza magari kimya kimya na kutoka kwenye mstari.

Kwa hesabu ya Meaza mwenyewe, magari sitini na moja yalipita mbele ya jagi hadi saa sita mchana, na thelathini na nane yalianguka. Zerihun alifaulu. Alikuwa amefika saa kumi na mbili, akaweka birr mia na hamsini kwenye ubao wa Wubshet bila kusalimu, na kuingia kituoni na mpira mpya kwenye mikono ile ile yenye kutu.

“Mzee huyu ana mdomo mchafu kuliko choo cha stendi,” anasema Zerihun. “Lakini jana mvua ilinyesha na niliona barabara. Nimewaambia wenzangu waje. Nimewaambia pia wazibe masikio.”

Jagi liliishi siku mbili.

Alhamisi foleni ilifika hadi kwenye mzunguko wa barabara. Wenye magari makubwa walipiga simu walikopiga. Saa tano mkuu wa kituo alitoka ofisini, akasimama kwenye mstari wa Meaza na kuuliza yale maji yanatoka wapi. Alipoelezwa, alichukua ubao wa fomu, akashusha kidole kuanzia juu hadi chini. Breki. Taa. Honi. Waipa: zinafanya kazi, hazifanyi kazi.

“Fomu haina mahali pa maji,” alisema.

Jagi likachukuliwa. Meaza akahamishiwa dirisha la kuandika risiti, ambako ndiko aliko sasa. Alipoulizwa kama anajuta, alitazama nyuma kwanza, kisha akasema, “Nimebandika bolo kwa miaka sita. Sijui ni ngapi zilizokuwa kama ile. Hilo ndilo ninalojuta.” Mkuu wa kituo alisema hana la kuongeza juu ya fomu.

Kutoka kwenye kiti chake Wubshet anaweza kuona dirisha la ofisi ya mkuu. Jagi lake la kijani liko pale dirishani. Limetiwa ua.

“Ua!” anasema. “Wakaguzi ishirini na wawili, mashine ya breki ya mamilioni, na jagi la birr themanini wamelitia ua.”

Turubai la njano lilifungwa siku mbili zile. Ijumaa lilifunguliwa tena. Sisay alivuka barabara mchana, akasimama mbele ya Wubshet bila tabasamu lake.

“Umenivunjia kazi, Wubshet.”

“Badilisha mipira. Nitakukatia mimi, kumi na nne zote. Kwa bei ya mpira tu.”

“Halafu nikodishe kwa bei gani? Nani atanilipa?”

“Hakuna atakayekulipa. Ndiyo maana yake.”

“Wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii,” Sisay alisema. “Ile rangi ya kucha nilijifunza kwako.”

Etagegnehu ndiye aliyejibu, bila kuinua macho kutoka kwenye jiko.

“Na hindi hili je, hujafundishwa? Sogea karibu.”

Sisay alirudi kwake.

Zimebaki wiki tano kabla ya Pagume. Barua haijafutwa. Wubshet anasema hataiandikia ofisi barua nyingine, maana mkono wake ni mbaya na wao hawasomi. Ana mpango mwingine. Amenunua jagi jipya, la njano safari hii, na madumu mawili. Kuanzia Jumatatu, kila gari litakalotoka langoni likiwa na bolo mpya litakuta maji nje. Litamwagiwa pale pale barabarani, mbele ya foleni inayosubiri kuingia, ili kila mtu aone bolo hiyo inaficha nini. Asiyetaka afunge dirisha.

“Ndani ni kwao,” anasema. “Barabara ni ya watu wote. Kama kuna fomu ya barabara, waniletee nitie sahihi.”

Je, hawatampiga?

“Watanipiga. Nimepigwa kwa mambo ya kijinga zaidi ya hili. Wakinifukuza ifikapo Pagume, sawa, nitabeba ubao wangu. Lakini wiki tano ni siku nyingi za mvua. Mtu akishaona maji meusi yakishuka kwenye kioo chake mwenyewe, haulizi tena kuhusu mng’ao. Nataka hao wawe wengi kabla sijaondoka. Wakiwa wengi, watayadai maji wenyewe, na mimi sitahitaji tena wanipende.”

Anainua jagi la njano kuonyesha namna atakavyomwaga. Analirusha kwa hasira na nusu ya maji yanamwagikia viatu vyake.

“Lete hapa,” anasema Etagegnehu. Ameegemeza gongo moja ukutani na kunyoosha mkono. “Wewe utawalowesha abiria. Mimi ndiye nitakayemwaga.”

“Wewe una mahindi.”

“Mahindi utachoma wewe. Na ukiunguza hata moja, unalinunua.”

Wubshet anamtazama, kisha anaitazama ile jozi yenye nukta nyekundu kwenye msumari. Anampa jagi.

Lori la mchanga linatoka langoni, bolo mpya kwenye kona ya kioo. Ni Ijumaa, na wamesema Jumatatu. Etagegnehu tayari amesimama barabarani, mguu mmoja, gongo moja, jagi limejaa.

“Simama, mwanangu,” anamwambia dereva. “Washa waipa tuone.”